Nafasi Mbili Karibu na Gati

Incheon, 4 Machi 2025

Mdogo wangu Ok-nam,

Theluji ya mwisho imeyeyuka huku juzi, na njia ya mbele ya jengo letu imebaki matope matupu. Natumaini umemaliza kupogoa matufaha, na kwamba safari hii ulimpata mtu wa kukushikia ngazi. Mimi sijambo. Min-ju alikuja kutoka Suwon Jumapili, akaijaza friji yangu supu ya mifupa mpaka mlango ukakataa kufunga. Hataki kuamini kwamba baba yake anaweza kula wali na kimchi siku tatu mfululizo akabaki hai.

Siku hizi nikikaa kimya nasikia ile mashine ya kukoboa mpunga ya kijijini kwetu Neutigol. Unaikumbuka? Ilikuwa inakohoa mara nne kabla ya kuwaka, na Mama alikuwa akisema hiyo ndiyo saa yetu. Miaka arobaini na tisa iko chini ya maji ya bwawa pamoja na kijiji kizima, na bado inakohoa kichwani mwangu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Tangu nilipopata kiharusi sijakanyaga makaburi ya Baba na Mama. Ile sikukuu ya mavuno, Chuseok ya mwaka jana, unaijua. Uliegesha gari kule juu kwenye maegesho makubwa, nikasema nitashuka mwenyewe, nanyi mkaniona nimeketi kwenye ukingo wa mfereji huku boti ya makaburini ikiondoka kuvuka bwawa. Hatukuizungumzia nyumbani, na hapa pia siizungumzii. Ninachosema ni kwamba mwaka huu nataka kufika. Nina miaka themanini na mmoja.

Min-ju ananiambia kuna kibali cha kuegesha gari kwa watu wenye ulemavu wa kutembea, na kwamba pale gatini zipo nafasi mbili zilizotengwa. Daktari atanipima tarehe 22 Aprili. Kwa hiyo nimeanza mazoezi: kila asubuhi natembea ukumbi wa jengo, kwenda na kurudi mara kumi, nikiwa nimeshika ukuta mara chache iwezekanavyo.

Kaka yako,
Maeng Deok-gyu


20 Machi 2025

Kaka, shikamoo.

Barua yako imefika nikiwa nachoma matawi, ndiyo maana karatasi hii inanuka moshi. Miti nimeimaliza. Ngazi alinishikia mpwa wa mwenyekiti wa ushirika, kijana mwenyewe anaogopa urefu kuliko mimi. Mwaka huu maji ya bwawa yamepungua sana. Jumanne nilipita juu ya daraja nikaona ukuta wa shule umejitokeza, na pembeni yake mawe ya kuvukia kijito, yale tuliyokuwa tukirukaruka. Saba nimeyahesabu. Yalikuwa tisa, au nakosea?

Zile nafasi mbili zipo kweli, hatua chache kutoka kwenye ubao wa kupandia boti. Nazijua vizuri. Mwaka juzi niliegesha pale dakika tano nishushe keki za songpyeon na pombe ya mchele ya makaburini. Mama mmoja mwenye kofia akanipiga picha na simu, wiki iliyofuata faini ikanifuata mpaka shambani. Nikamwambia, "Dada, nashusha tu vyakula vya marehemu!" Akasema, "Marehemu hawana haraka, bibi." Ningekuwa na fimbo ningemfukuza, lakini alikuwa sahihi.

Kibali chenyewe ni kadi ya kubandika kiooni. Kuna ya njano ya mlemavu anayeendesha mwenyewe, na nyeupe ya ndugu anayemwendesha. Wewe gari uliuza, kwa hiyo yetu ni nyeupe, kwenye pikapu yangu, na itumike ukiwa umo ndani tu. Kuna na masharti mengine, hayo tutayasema ukishapimwa.

Ila hayo mazoezi yako siyaelewi. Mazoezi ya nini? Siku ya kupimwa nenda kama unavyoamka. Usichane hata nywele.

Mimi mzima wa afya.

Ok-nam


Incheon, 2 Mei 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapa maua ya cheri yameshapukutika na watoto wa chekechea wanayabeba kwa vikombe. Mawe ya kijitoni yalikuwa tisa. Mawili ya mwisho upande wa ghala la tumbaku yalikuwa mafupi, ndiyo maana huyaoni.

Nimepimwa. Nilivaa suti ya kijivu niliyovaa kwenye harusi ya Min-ju. Daktari ni binti mdogo, pengine miaka thelathini, mwenye adabu. Sakafuni walikuwa wamebandika utepe, mita kumi na mbili, akaniambia nitembee mpaka mwisho nigeuke nirudi. Fimbo nikaiacha kwenye kiti. Nilitembea, Ok-nam, kama siku ya gwaride jeshini. Nikageuka bila kushika kitu. Kisha ngazi nne za mbao, juu na chini. Aliniuliza kama huwa naanguka nyumbani nikamwambia mara chache sana. Alipofunga jalada alisema, "Babu, umejitahidi mno." Nikamshukuru, nikatoka nikamwinamia hata mlinzi wa mlangoni.

Nadhani nimefaulu vizuri. Majibu yatakuja kwa posta.

Deok-gyu


11 Mei 2025

Kaka, shikamoo.

Min-ju amenipigia simu. Majibu yamekuja na wewe hukumwambia mtu, ameyakuta chini ya redio. Umeandikishwa kuwa na ulemavu mdogo, na kwenye kisanduku cha kutembea wameandika HAKUNA TATIZO LINALOSTAHILI. Hakuna kadi.

Sasa nisikilize mimi mdogo wako niliyeishia darasa la sita, wewe msomaji wa magazeti matatu kwa siku. Mtihani ule anayefaulu ndiye aliyefeli! Walitaka kuona unavyoshindwa. Wewe ukaenda kuwaonyesha gwaride. Umevaa suti! Umeacha fimbo! Umemwambia huanguki, na Februari Min-ju alikukuta sakafuni bafuni umejifunika taulo. Ulidhani hatujui?

Maua ya matufaha yamefunguka yote na nyuki ni wachache. Hayo ndiyo ya kwangu.

Niambie kitu kimoja. Huu si ujinga, maana wewe mjinga hujawahi kuwa. Ulifanya kwa nini?

Ok-nam


30 Juni 2025

Kaka,

Wiki saba. Simu zangu hupokei, unamwambia Min-ju ulikuwa umelala. Mvua za kiangazi zimeanza, ukuta wa shule umezama tena. Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika.

Ok-nam


Incheon, 19 Julai 2025

Mdogo wangu Ok-nam,

Joto huku limepanda mpaka nyenje wa mitini wanapiga kelele tangu alfajiri. Nakula vizuri. Sijakasirika.

Uliuliza kwa nini. Nimeandika barua hii mara nne, hii ya tano naituma hata ikiwa mbaya.

Unajua mwaka ule wa maji, kijiji kilipohamishwa kupisha bwawa, mimi nilikuwa karani wa ofisi ya kata, na kwamba nilikaa kwenye meza ya kukunja mbele ya ghala la tumbaku. Ulikuwa na miaka ishirini na minne, ulikuwa unatuletea chai ya shayiri. Kijiji kipya kilikuwa kinajengwa juu ya kilima, viwanja hamsini na vitatu, na vinane tu vilikuwa chini kando ya barabara. Hivyo vinane vilikuwa vya wazee na wasioweza kupanda. Kazi yangu ilikuwa kuamua ni nani. Nilikuwa na safu tatu: anastahili, hastahili, aangaliwe tena. Ile ya tatu sikuitumia hata mara moja.

Walikuja watu thelathini na mmoja. Na wote walikuja wagonjwa. Yule mzee bingwa wa mieleka, aliyejishindia zawadi ya ndama wawili, alikuja amebebwa mgongoni na mkwewe. Wanawake waliokuwa wakibeba magunia ya chumvi walikohoa mbele yangu kama ile mashine ya mpunga. Jioni tulicheka ofisini mpaka machozi. Nilianza kujiona nina jicho la kumtambua mwongo kwa hatua zake tatu za kwanza.

Siku ya mwisho akaja Ki Sang-mun, aliyevunjwa mguu mgodini. Alikuja anachechemea, kamshika mkewe begani. Nami siku moja kabla nilimwona kwa macho yangu anavuka mawe ya kijito na mzigo wa tumbaku mgongoni. Nikamwambia hivyo mbele ya watu wote. Akanijibu kwa sauti ya chini: "Karani, jana nilikuwa na mzigo wa kufikisha. Leo ndiyo naulipia." Nikacheka. Waliokuwa kwenye foleni wakacheka pia, kwa kuwa nafasi zilikuwa zimebaki mbili. Nikaandika hastahili. Akapewa kiwanja cha juu kabisa.

Mwaka uliofuata nilihamia huku. Nilikuambia ni kwa sababu ya kazi ya bandarini.

Sasa, yule binti daktari aliposhika kalamu, niliwaona wote thelathini na mmoja wamejipanga nyuma yangu. Nikaona aibu ya kuchechemea mbele ya mtu mwenye kalamu. Ndipo nikanyoosha mgongo. Nilipofika nyumbani sikuweza kusimama siku mbili. Nilitambaa kwenda chooni. Nikiwa sakafuni pale nikalielewa jibu la Sang-mun, baada ya miaka arobaini na tisa.

Basi tusihangaike na kadi. Makaburi yapo, nitayaona kwenye picha utakazonitumia.

Kaka yako


1 Agosti 2025

Kaka, shikamoo.

Matufaha ya mwanzo yamepata rangi upande mmoja. Nimekutumia boksi, Min-ju asiyapike jemu yote.

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa, nikaisoma tena nimesimama. Sasa na mimi nina langu. Ulipoondoka hukuuliza habari za Ki Sang-mun, nami sikukuandikia. Nilijua. Mimi ndiye niliyekuwa na birika, nilisikia mlivyocheka.

Ngazi za kwenda kwao ni mia na kumi na mbili, za saruji, bila kishikilio mpaka mwaka wa 2003. Alizipanda na makaa, na mchele, na friji ya kwanza walisaidiana na mwanawe Jae-pil kuipandisha kwa kamba. Alifariki mwaka 2014. Hakuwahi kukutaja mbele yangu, si kwa wema wala kwa ubaya. Mkewe, Mama Jae-pil, yuko bado kule juu, ana miaka themanini na minne. Anashuka mara mbili kwa wiki, kinyumenyume, maana magoti yake yanauma zaidi akiangalia mbele. Yeye pia alikwenda kuomba kadi. Wakamwambia magoti ya uzee hayahesabiki maadamu anatembea. Wakwe zake wamezikwa ng'ambo ya bwawa, na mwaka wa sita huu hajapanda boti.

Kwa hiyo usiniambie habari za picha. Unataka kuona aibu peke yako huko Incheon huku watu wawili wa Neutigol wanakosa boti. Pikapu yangu ina viti vya watu watatu. Ukiwa ndani na kadi kiooni, na yeye anafika gatini bila kupigwa picha na mama mwenye kofia.

Masharti niliyoyaficha ni haya. Nimeuliza ofisi ya kata. Kadi nyeupe haitolewi kwa ndugu wa mbali, ni kwa anayeishi nawe anwani moja. Binti wa dirishani akanionya, "Bibi, msije mkaandika tu jina, aje akae kweli." Nikamwambia atakaa kweli. Chumba cha kusini nimekibandika karatasi mpya za ukutani. Usidhani nakuhitaji kwa lolote, ni masharti ya serikali.

Omba wakupime tena. Uende bila suti.

Ok-nam


Incheon, 9 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Matufaha yamefika, mawili yamepondeka, mengine matamu mpaka nikaona haya kuyala peke yangu nikawapa walinzi.

Nimepimwa upya, hospitali nyingine, daktari mwanamume mwenye mvi. Nilivaa suruali ya mazoezi. Min-ju alinivalisha fulana ndani nje, nikaiacha hivyo hivyo. Nilimwambia daktari ukweli wote: bafuni, taulo, siku mbili za kutambaa. Kisha nikatembea kwenye utepe ninavyotembea. Mita ya saba nikasimama. Akangoja. Nami nikangoja. Nikamwambia, "Daktari, naweza kufika mwisho nikilazimisha, lakini kesho utanilipia?" Akasema, "Babu, kaa. Nimeshaona."

Wamekubali nastahili kadi, itatoka anwani zetu zikishakuwa moja. Ijumaa nilikwenda kuhamisha ukaazi wangu. Karani alichapa anwani yako, akaniuliza kama nimewahi kuishi wilaya hiyo. Nikasema nilizaliwa huko, Neutigol. Akatafuta jina la Neutigol kwenye kompyuta halikuwepo, akaniuliza kama naliandika sawasawa.

Min-ju analia na kufungasha kwa wakati mmoja. Nitafika tarehe 27 kwa basi la asubuhi. Vitabu nimevipunguza mpaka maboksi sita.

Deok-gyu


Nyumbani kwako, 12 Oktoba 2025

Mdogo wangu Ok-nam,

Nakuandikia kwenye meza yako ya kulia, kuku wako wakinitazama kupitia mlangoni. Wamekula. Mwenyekiti wa ushirika amechuma safu mbili za kwanza. Min-ju anasema upasuaji wa goti lako ulikwenda vizuri na kwamba tayari umegombana na muuguzi kuhusu chumvi ya supu, basi nimejua u mzima.

Ningekugombeza kuhusu hilo goti, lakini kwa haki ipi? Siku ya boti ulisema unabaki kulinda pikapu. Pikapu iliyoegeshwa mahali pake, na kadi kiooni, ilindwe na nani? Nilikuona ulivyoshuka ukishika mlango kwa mikono yote miwili. Nikanyamaza, kama ulivyonyamaza wewe kuhusu taulo. Keshoyake ndipo ukaniambia kuhusu kitanda cha hospitali huko Daegu. Na Machi uliniandikia "mimi mzima wa afya"!

Jioni ile uliniuliza ilikuwaje nikakuambia ilikuwa nzuri. Sasa nikuambie vizuri, maana mdomo wangu ni mzito kuliko kalamu.

Kutoka mlango wa pikapu mpaka ubao wa kupandia ni hatua thelathini na moja. Nilisimama mara mbili. Mama Jae-pil alikuwa pembeni yangu, na sijui nani alimshika nani. Botini tulikaa benchi la nyuma. Tulipofika katikati, juu ya pale ambapo nadhani lilikuwa ghala la tumbaku, nikamwambia yote. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Incheon, lakini yalitoka ovyo. Nikamwambia nilimcheka mumewe, na kwamba mguu wake ulikuwa mbovu kweli.

Akanitazama. "Karani Maeng," akasema, "siku ile alitia chumvi."

Nikadhani sikusikia.

"Alitia chumvi! Mimi ndiye niliyemwambia. Nilimwambia wewe mtu wangu unaumwa lakini huonekani unaumwa, ukifika pale usipoongeza hawatakuona. Basi akaongeza. Na alivyokuwa na wasiwasi akachechemea mguu mzima. Ule mzima! Nikambana begani abadilishe, yeye akadhani namwambia aongeze zaidi."

Akaanza kucheka, Ok-nam, mpaka abiria wakageuka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, nikiwa na pombe ya Baba mapajani. Nilijiona mwenye jicho la kutambua hatua tatu za kwanza, na hata mguu gani sikuona.

Kisha akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa. "Ila ngazi alizipanda kweli," akasema. "Miaka thelathini na minane."

Makaburi ni safi, vijana wa ushirika wamefyeka vizuri. Nilimwinamia Baba mara moja badala ya mbili, sikuweza kuinuka haraka. Mama nilimwinamia nikiwa nimeketi. Mama Jae-pil alikwenda kwa wakwe zake, akakaa huko mpaka boti ikapiga honi.

Jana nilimwomba kijana wa ushirika anipeleke mpaka chini ya ngazi zile za kwa Sang-mun. Kadi haina kazi pale, hakuna aliyechora nafasi. Nilianza kupanda saa nne kasoro. Nilifika ya kumi na tisa nikakaa, sikuweza ya ishirini. Kutoka pale barabara inaonekana, na vile viwanja vinane, na mtu aliyekaa hapo kila siku angeviona kila siku.

Sijui nani alimwambia Mama Jae-pil. Nikamwona anashuka kutoka juu, kinyumenyume, taratibu, ameshika kishikilio, chupa ya chai imening'inia shingoni kwa kamba. Ilimchukua muda mrefu. Nilipomwambia arudi alisema nisipige kelele, atakosea hesabu. Alipofika akakaa kwenye ngazi iliyo juu ya yangu, akamimina kwenye kifuniko.

Nikamwambia, bila kupanga maneno safari hii, kwamba nilikosea, na kwamba nilipaswa kuja kusema hivyo Sang-mun mwenyewe akiwa hai.

Akaniwekea kifuniko mkononi, akanifungia vidole juu yake, akaniambia ninywe, inapoa.

Kaka yako anayekusubiri,
Deok-gyu